Usaili Wangu wa Kuhamia Chuo Kikuu

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mama wa miaka arobaini na ushee, nahudumia wazee majumbani hapa Tottenham, Landani. Nimemaliza kozi ya college, yaani chuo cha kati, na juzi nikaitwa usaili wa kuhamia chuo kikuu nikasomee mazingira. Nilitakiwa kueleza mbele ya jopo la walimu mradi wangu wa taka za mtoni hapa mtaani kwetu.

Nikavaa suti ya kanisani. Nikafungua mlango niliodhani ndio wenyewe, nikakuta watu watano wamezunguka meza. Jopo hilo! Walikuwa vijana mno, lakini Landani hata daktari wako anaweza kuwa kama mwanao. Nikasalimu, nikaanza. Nikaeleza plastiki zinavyonasa kwenye matete, bata wanavyojenga viota kwa mifuko, na tulivyoizoa mimi na majirani. Wakawa wanaitikia kwa vichwa, wengine wanaandika. Moyoni nikasema, Rehema, umepita.

"Kuna maswali?" nikauliza kwa madaha.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu, haya yatakuwemo kwenye usaili wetu?"

"Usaili wenu?"

"Ndiyo. Sote tunasubiri kuitwa."

Nikageuka nitoroke, kumbe mlangoni muda wote alikuwa amesimama mama mwenye kitambulisho cha chuo shingoni.

"Wewe ndiye Rehema? Jopo tunakusubiri chumba cha pili," akasema huku akicheka. "Twende. Ila uanzie pale kwenye bata, maana hapo sikusikia vizuri kwa kicheko."