Jogoo Niliyemwonyesha kwa Kidole

Kiharusi kiliponipata, niliruhusiwa kutoka hospitali kurudi nyumbani Mjimwema nikiwa nimebakiwa na mkono wa kushoto na masikio tu. Mdomo ulikwenda upande, hausemi neno. Sasa nimepona. Ugonjwa nimeusamehe, ila walionitesa nawataja: shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu, na dada yangu mkubwa.

Kidole kinataka watu wawili, anayeonyesha na anayetaka kujua mwenzake anaonyesha nini. Shemeji alitaka mchuzi.

Siku hiyo mke wangu alikwenda shambani. Mimi wameniegemeza ukutani, jogoo wangu mwekundu anapita mbele yangu, yule niliyemlea tangu kifaranga hadi analala mlangoni kwangu. Nikasikia shemeji akimwambia dada kwamba mgonjwa hapati nguvu bila supu ya jogoo. Nikamnyooshea jogoo kidole, nikakipeleka kwa shemeji, nikakitikisa. Yaani wewe, huyu usimguse. Shemeji akasema si unaona, amenichagua mimi nimkamate.

Nikapiga mkeka. Dada akasema ninahimiza. Machozi yakanitoka. Dada akasema maskini mdogo wangu, hamu ya kitoweo hiyo. Nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kuchochea moto.

Shemeji ameshamkanyaga jogoo mabawa, kisu mkononi, ndipo akaingia jirani yangu. Huyo tulikuwa hatusalimiani kwa ajili ya jogoo huyohuyo, maana alikuwa anamwamsha usiku wa manane. Aliwahi kuniletea debe la mahindi tubadilishane na jogoo, akamchinje, nikamfukuza na debe lake. Alikuja kunipa pole, au kuhakikisha kweli siwezi kutukana, sijui. Akatazama kisu, akanitazama mimi, akatazama kidole.

"Bwana, mwachie," akamwambia shemeji. "Huyu anakukataza. Angekuwa mtu wa kumchinja jogoo huyo, mimi ningekuwa nalala."

Nikakishusha kidole. Jirani akaona, akacheka mpaka akakaa chini.

Jogoo akaachiwa. Lakini maji yalishachemka, na shemeji si mtu wa kupoteza maji ya moto. Akamkamata mtetea, ambaye sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote.

Jioni, jirani naye akiwa amebaki kula, dada akaninywesha supu kwa kijiko. Nami njaa ilikuwa inaniuma, sifichi. Kijiko kilipochelewa, nikaonyesha sufuria.

"Si nilisema anataka kuku," shemeji akamwambia jirani, paja likiwa mdomoni.