Kuni Zilizobaki Kitanga

Nilitoka Kasulu mjini asubuhi ya mvua, mizani begani, kwenda kupima kama wilaya zetu zimeanza kuachana na moshi. Vijiji vimepewa majiko banifu, yale yanayokula kuni chache. Kila nyumba napima mzigo wa kuni, nauacha, narudi baada ya juma moja kupima zilizobaki.

Kijijini Kitanga nilianzia kwa Mama Yeremia, mkulima wa maharage. Jiko lake la udongo alikuwa amelisiriba vizuri. Mumewe alikaa mlangoni, amejifunika blanketi, anakohoa.

"Mwakeye," nilisalimia. Nikapima kuni, nikazifunga kamba nyekundu. "Mama, tumia hizi tu, usichanganye na nyingine."

"Zikiisha kabla hujarudi?"

"Basi umeangusha kijiji kizima!" nilitania. Yeye hakucheka, nami sikujali.

Kibondo nilifika jioni, baridi imeingia hadi mifupani. Mwenyeji wangu, Bi Zuhura mwenye duka, aliniwekea jiko la mkaa sebuleni.

"Mpima moshi naye anaota moto!" alinicheka. Nikasogea karibu zaidi. Juma zima mvua haikukatika, na kila nilikopita watu walikuwa wamejikunyata.

Kurudi Kitanga, nilikuta mzigo wa Mama Yeremia karibu kama nilivyouacha. Nilifurahi mno. "Hongera, mama!" nikasema hata kabla ya kuketi. Ndipo nikaona mabenchi uani, na pale mlangoni hakuna mtu.

"Mzee tumemzika juzi," alisema taratibu. "Baridi ilimkamata. Usiku kucha aliomba moto wa kuota, kama zamani. Hili jiko linaivisha vizuri, ila haliotwi. Nikamwambia, baba, vumilia, kuni ni za watu, watakuja kuzipima."

Hata chakula cha msiba majirani walipikia kuni zao. Siku zile za msiba kamba yangu haikuguswa na mtu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nililia pale pale, mbele ya mfiwa, nikaona aibu kwamba yeye ndiye aliyenibembeleza.

"Pima, mwanangu," alisema. "Zimetosha?"

Nikapima, kwa kuwa alitaka. Hakuna nyumba iliyonipa matokeo mazuri kama yale, Kasulu wala Kibondo.

Nimerudi nyumbani Kasulu, na kazi bado naifanya. Lakini siku hizi, kabla sijaitoa mizani, nauliza kwanza: humu ndani, nani anaota moto?