Neno Lililofumua Makuti

Harufu ya makuti yaliyolowa mvua hunirudisha uwanjani kwetu, Msambweni. Siku ile tulikuwa wanne: Bi Mishi, jirani na shoga wa marehemu mama; mdogo wangu Bakari; Saumu, kitinda mimba, aliyeachwa na mama angali mgongoni; na mimi, dada yao mkubwa, niliyekwisha kuacha shule ili wao wasome. Tulikuwa tukishona makuti ya kuezekea hoteli moja huko Galu.

Saumu akauliza, "Dada, mama alikuwaje?"

"Alikuwa mzuri. Mpole, mcheshi."

"Kama mwalimu wetu?"

Bi Mishi akacheka, akanigeukia. "Hayo ni maneno ya matangani, mwanangu, kila maiti huvishwa. Mpe mtoto mama, usimpe sanda." Akaweka sharti: kila mmoja aseme jambo moja alilomwona mama akilifanya, na atakayemsifu afumue kuti lake.

Bakari akaanza, "Mama alikuwa mzu..."

"Fumua!" Saumu akapiga kelele kwa furaha.

Niliufikiria mkono wa mama, nao ukanijia. Nikasema alikuwa akionja mchuzi kiganjani, kisha akijipangusa kwenye kichwa cha mtoto aliye karibu.

"Changu!" Bakari akalalamika. "Shuleni waliniita Bizari."

"Na tukigombana," akasema Bi Mishi, "hakunitukana. Alisimama mlangoni akamwambia kuku: 'Wewe kuku, huna haya? Chumvi umeazima tangu Ijumaa!'"

Saumu alicheka hadi akaegemea rundo la makuti. "Kumbe mama alikuwa mchokozi!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja mama kama mtu anayemjua.

Wakati ule nilidhani ni mchezo wa kutuchangamsha kazini. Leo akina mama wa kikundi chetu wanaotaka kuandika habari za wazazi wao wakiniuliza waanzie wapi, huwapa zoezi lile lile: andika alichofanya mkono wake, sifa ziache. Nimeelewa pia kwamba Bi Mishi naye alikuwa akimtafuta shoga yake.

Juzi Saumu, ambaye sasa ana watoto, aliniandikia kwenye simu: "Na baba je, dada?" Baba, ambaye naye ni marehemu, alikuwa akienda kazini Chale tungali tumelala, na akirudi tumekwisha kulala. Nimeandika, "Alikuwa mtu mwema," nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Saumu bado ananidai baba.