Dereva wa Kushoto

Kuna fundi anayeziba pancha chini ya dirisha la ofisi yangu, na kila anapofungua kichupa chake cha gundi, harufu inapanda mpaka mezani pangu. Mwingine angefunga dirisha tu akaendelea na kazi. Mimi huweka kalamu chini. Harufu hiyo hunirudisha kwenye ua wa shule yetu ya msingi, katika mtaa wa Lubumbashi uitwao komini ya Kenya, nikiwa na miaka kumi na moja, nimesimama kwenye mstari na wenzangu arobaini mbele ya baiskeli moja yenye viraka kila mahali.

Ilikuwa ya Maître Ilunga, mwalimu wetu wa darasa la tano. Mwaka ule alijitolea kutufundisha kuendesha baiskeli na kuvuka barabara, maana avenyu ya mbele ya shule haikuwa na huruma: teksi, pikipiki, na wauza makaa wanaosukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao. Alichora barabara uani kwa majivu, akaweka makopo ya rangi kwenye kona. Ubaoni alibandika picha aliyoikata kwenye kitabu cha zamani cha Kifaransa. Ilionyesha gari, na dereva mwenye kofia ameketi upande wa kushoto.

"Mbele ya kupita, muangaliye dereva mu macho," alisema akigonga ile picha kwa fimbo. "Iko wapi?"

"Ku kushoto, Maître!"

"Kama hakukuonesha mukono, usipite!"

Sasa niwaambie jambo ambalo kila mtoto wa Lubumbashi alilijua. Sisi tunapita upande wa kuume, lakini magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na usukani wake uko kuume. Teksi za namna hiyo nilizipanda kila Jumapili kwenda kanisani. Mwenzetu mmoja alinyoosha kidole akataka kulisema hilo, akaambiwa akae chini, siku ya mtihani ajibu kama ilivyo kwenye picha. Nami niliogopa sifuri kuliko gari.

Nilikuwa na sababu. Baba alikuwa mbali, huko Mitwaba, akilima, mama alitoka alfajiri kuuza unga sokoni, na mdogo wangu Ngalula, wa miaka sita, alifika shule amechelewa karibu kila siku, akachapwa. Mama alikuwa amesema nikipata cheti cha Maître, nitambeba kwa baiskeli ya baba. Basi nilijibu kushoto, nikapata cheti.

Jumatatu ya kwanza tulitoka mapema. Miguu yangu iligusa pedali kwa ncha za vidole tu, na Ngalula, nyuma kwenye keria, alinishika sare kwa mikono miwili. Njia nzima nilimwomba Mungu avenyu iwe tupu. Haikuwa tupu. Nikasimama ukingoni, gari jeupe likaja likipunguza mwendo, nikatazama kiti cha kushoto kama nilivyofunzwa. Palikuwa na mama mnene, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nikamkazia macho. Akainua mkono ili afunge kitambaa chake, nami nikaona nimepewa ruhusa. Nikakanyaga pedali.

Breki zililia. Kitu kikagonga gurudumu la nyuma, baiskeli ikanitoka, na nilipoinuka, Ngalula alikuwa amelala kando ya mfereji, kimya. Ukimya ule sitaki kuueleza zaidi. Kisha akalia, akalia kwa nguvu, na sijawahi kupenda kilio cha mtu kama siku ile. Mkono wake ulikuwa umevunjika.

Jioni Maître Ilunga alikuja kwetu kwa miguu. Mama alikuwa ameandaa maneno makali tangu mchana, lakini mwalimu alikataa kiti.

"Mama, kosa ni ya miye," alisema akiwa amesimama. "Miye ndio nilibafundisha mubaya. Usimupige mutoto."

Mama akampa maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua usukani uko wapi, nilijua siku zote, na nilinyamaza, nikamwachia aubebe mzigo ule peke yake. Niliona aibu kwa miaka mingi.

Mwezi uliopita mwanangu alianza kujifunza baiskeli, nikampigia simu Ngalula, nikamuuliza kama anaikumbuka asubuhi ile.

"Yote, Yaya," alijibu, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "yote. Ule dereva nilimuona. Alikuwa ku kuume, aliinama, hakutuangalia hata."

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Si weye ndio ulikuwa na certificat?" akasema, akacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Nilidhani tulioujua ukweli tukanyamaza ni mimi na Maître: yeye akakiogopa kitabu, mimi nikamwogopa yeye. Kumbe na mtoto wa miaka sita, mwenye kuona vizuri kuliko sisi wote, aliniheshimu akanyamaza mpaka gari likatufikia.

Siku hizi nikifika avenyu na mwanangu, simwonyeshi kitu. Namuuliza anaona nini, na hatuvuki mpaka amenijibu.