Kikohozi cha Mke Wangu Katika Sijida

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, atupaye pumzi kabla hatujajua kuiomba, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu. Nimeishi miaka mingi nikivuta hewa bila kuifikiria. Aliyenifundisha kuishukuru ni marehemu mke wangu.

Ujanani aliugua kifua kikuu, akameza dawa mpaka akapona. Lakini ugonjwa uliacha makovu mapafuni, na uzeeni yakaanza makohozi mazito yasiyokwisha. Kifua kilimsumbua, ila kilichomuumiza zaidi ni msikiti. Kila akisujudu, kikohozi humshika. Watu wote kimya, yeye upande wa wanawake anakohoa mpaka mabega yanatikisika. Mwisho akaona haya, akaacha kwenda. Akawa anaswali nyumbani kwenye kiti ili asiinamishe kichwa, yeye aliyependa sijida ndefu kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Alipozidi kubanwa nilimtoa kijijini kwetu Kanga nikampeleka hospitali. Muuguzi, binti Mkristo kutoka bara, alimwamkia shikamoo, akaketi karibu naye.

Alitueleza kwamba ndani ya mapafu yenye afya njia za hewa zimepakwa ute mwembamba unaonasa vumbi na moshi. Humo mna vinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea pamoja na kuusukuma ute juu mpaka kooni. Tunaumeza mchana kutwa bila kujua. Kwa mke wangu vinywele vingi vilikuwa vimeharibika na njia zimetanuka, basi ute ukawa unatuama, kama maji ya vidimbwi bahari ikishatoka, na vijidudu vinazaliana humo.

"Sasa ute huo utatokaje, mwanangu?" mke wangu akauliza.

"Unywe maji mengi, bibi, ukohoe bila kujizuia, na uiname ili ute upate njia. Kiuno juu, kifua chini, uteremke."

"Kama ninavyosujudu?"

"Sijui mnavyosujudu. Hebu nionyeshe."

Akashuka sakafuni, akamwonyesha. Kikohozi kikaja, na kohozi likatoka.

"Hivyo hivyo, bibi!"

Mke wangu alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka. "Kumbe nilikuwa naikimbia dawa," akasema.

Tangu hapo kila alfajiri, kabla hajatia kitu tumboni, alilala kifudifudi na mto chini ya kiuno. Mimi nikampiga mgongoni kwa viganja nilivyovikunja kama mtu anayekinga maji ya udhu, ili kohozi libanduke. Siku ya kwanza jirani yetu, shoga yake mke wangu, alisikia vishindo, akaja mbio mpaka dirishani.

"Maalim! Mvi zote hizo, leo ndiyo unaanza kupiga mke?"

"Mwache, shoga," mke wangu akajibu, uso bado umeelekea chini. "Ananipigia ngoma ya harusi. Ile ya kwanza ilikuwa fupi."

Akarudi msikitini. Alikohoa bado, lakini hakuona haya tena. Akimaliza husafisha mdomo kwa kitambaa, akasujudu tena. Namshukuru Mungu kwa muda ule.

Kisha nguvu zikampungua. Madaktari walifanya walichoweza, wakaturuhusu turudi nyumbani. Asubuhi ya mwisho nilimpiga mgongoni kama kawaida, nikasikia kohozi linakoroma karibu kabisa.

"Liko hapa," akasema, akigusa koo. "Vinywele vya kulisukuma sina."

Nikaendelea. Akaushika mkono wangu.

"Basi, maalim. Umechoka. Nikalishe tu."

Nikamkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu. Nilizihisi pumzi zake zikija mojamoja, kila moja ikichelewa kuliko iliyopita. Nikamtamkia shahada polepole, naye akaifuata kwa midomo, bila sauti. Hakukohoa tena. Nilibaki nimemkumbatia mpaka wanawake wa kumwosha walipokuja kumchukua mikononi mwangu.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe kifua chepesi na pumzi isiyo na tabu. Na siku atakapoitaka pumzi yako, akujaalie mtu anayekupenda awe karibu. Amina.