Gunia la Mahindi na Sala ya Mama

Nakumbuka vizuri mwaka ule, mwanangu, mvua ilipotukuta mahindi yakiwa bado shambani, jambo ambalo kwetu Mlali si la kila mwaka. Tuliyavuna yakiwa na unyevu, tukayafungia kwenye magunia hivyo hivyo. Nilikuwa kijana, nasoma Dodoma mjini, nimekuja likizo na vitabu vyangu na majivuno yangu.

Neema, mtoto wa kaka yangu, akaanza kutapika. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa. Watu wakanong'ona kwamba amelogwa na shangazi Chiku, dada wa marehemu baba, kwa sababu tu aliishi peke yake na juzi yake alimpa mtoto uji. Kaka akaacha kumsalimia. Wengine walishasema afukuzwe kijijini, na unajua maneno ya namna hiyo huishia wapi.

Nikaingia stoo, nikafungua gunia, nikalimwaga uani. Kuvu ya kijani ilikuwa imeshika punje mpaka za chini kabisa. Nikawaambia ugonjwa umetoka humo, mtoto apelekwe hospitali upesi. Mama akambeba Neema mgongoni, akashika njia ya barabarani. Daktari alisema ni sumu ya kuvu. Mtoto akalazwa, akapona, na kaka akaenda kumwomba shangazi radhi.

Jioni waliyorudi, mama alipiga magoti kushukuru. Mimi nikacheka.

"Unamshukuru nani, mama? Amepona kwa dawa. Huko juu hakuna mtu."

Mama akainuka kabla hajamaliza sala, akaenda jikoni. Alionekana amechoka kuliko siku zote za ugonjwa ule.

Shangazi Chiku akanivuta pembeni. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Baba, mimi uliponitetea, ulifungua gunia kwanza, ndipo ukasema. Mama yako je, umemuuliza?"

Nikamfuata mama jikoni, nikamuuliza. Akanieleza huku anachochea moto, bila kuniangalia, kwamba njiani mtoto alikuwa hatikisiki tena mgongoni, naye akawa anaomba apate hatua moja, kisha nyingine, hadi akafika.

"Dawa ni dawa," akasema. "Lakini njiani nilikuwa na nani?"

Siku ile hakuwa na mimi, mwanangu. Mimi nilibaki uani, nabishana na majirani.

Nilimwomba msamaha usiku uleule. Sikuamini kama alivyoamini, na hata leo na mvi hizi siamini. Lakini mpaka alipofariki, kila likizo nilimsindikiza kanisani, nikamngoja kwenye benchi la nje, tukarudi tukipiga soga.

Ndiyo maana niliposikia umemcheka mkeo kwa kufunga na kuomba, nikakuita. Jambo likikupata, tafuta chanzo chake katika vitu vinavyoonekana, na usikubali kamwe binadamu aitwe mchawi mbele yako ukanyamaza. Hapo usirudi nyuma. Lakini anayeomba akiwa amembeba mgonjwa, usimcheke. Mbebee, mtembee pamoja.

Haya, nenda kwa mkeo. Mimi si mtu wa sala, ila nakutakia kwa moyo wangu wote: watoto wako wawe wazima, chakula chako kiwe safi, na nyumba yako isikose mtu wa kukupokea.