Kobe wa Nne

Mwaka huu nilisafiri kikazi hadi mji wa mbali, na kwenye bwawa la bustani yao nikawaona kobe wa maji wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, wamepandana juu ya gogo wakiota jua. Mwenyeji wangu akanieleza kuwa si wa kwao. Watu waliwanunua wakiwa wadogo kama kizibo cha soda, wakawachoka, wakawamwaga humo. Sasa wamezaana hadi hawamaliziki. Nikacheka, nikamwambia, "Rafiki yangu, hawa sisi kule kijijini Ngonga tuliwashinda!"

Kwetu waliletwa, nikiwa bado mtoto, na muuza vitambaa aliyetoka Kyela mjini kufungua duka kijijini, mtu mwenye asili ya pwani. Aliwanunulia wanawe kobe wanne, wakafugwa kwenye beseni. Walipokua na kuanza kunuka, akawatupa kwenye mfereji unaoingia bwawa la bibi yangu.

Bwawa lile ndilo lililotulisha. Jumapili tukitoka kanisani tulikuta perege wa kukaanga na wali mpya, harufu yake inakufikia ukiwa bado barabarani. Mara vifaranga vya perege vikaanza kupungua. Mwalimu wetu wa sayansi akaja kutazama, akasema wageni hawa wakishazaana watawamaliza samaki, watawafukuza kobe wetu, kisha wataingia ziwani.

Bibi akanishika mkono tukaenda dukani. Muuza vitambaa akaona aibu.

"Basi mama, tuwapeleke ziwani. Ziwa kubwa lile."

"Hapana," Bibi akajibu. "Umewaleta wewe, utawalea wewe."

Akatega mgono, ule mtego wa kusuka, ndani akaweka usipa wakavu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Watatu wakaingia wiki hiyohiyo. Wa nne, jike kubwa kama sahani ya pilau, alikuwa anakula usipa kwa nje na kwenda zake. Kila asubuhi nilivuta mgono mtupu. Nilikaribia kulia.

Siku moja nikipalilia mpunga nikamwona juu ya tuta, anafukia shimo kwa miguu ya nyuma. Nikatupa jembe nikamrukia. Akanikwaruza mikono yote, sikumwachia.

"Bibi! Ametaga!"

Muuza vitambaa akaitwa, akafika mbio, akakunja kanzu na kupiga magoti topeni, akafukua mayai tisa kwa vidole vyake. Bibi akayachemsha, nguruwe wakala. Kobe nikambeba kichwani ndani ya beseni, watoto wa kijiji kizima nyuma yangu wakipiga vigelegele, hadi kwenye tangi la saruji uani kwa muuza vitambaa, walikokuwa wale wenzake watatu.

"Ndaga fijo, mjukuu wangu," Bibi akanishukuru mbele ya watu wote. Nilijiona mrefu kuliko minazi.

Bibi hayupo tena. Bwawa lilifukiwa, sasa ni mpunga mtupu. Juzi mpwa wangu alinipigia simu kuniambia ameona kobe mferejini.

"Ana rangi gani?"

"Mweusi tu, shangazi. Wa kwetu."